Barua kwa mwanangu anayetaka kuimba hotelini

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama uache kazi ya benki ukaimbe hotelini, na kama sauti yako inatosha. Ya sauti sijibu. Shangazi yako alishakwambia mbele ya watu siku ya harusi ya kaka yako, na shangazi yako hasifii mtu bure. Mimi nataka tuzungumze habari ya mkataba, maana kuimba ni kazi, na kila kazi ina mwenyewe. Nimelisema hili tangu uko mdogo na sitaacha.

Zamani zetu mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa Juwata, halafu OTTU, na ndiyo hii Msondo Ngoma ya leo. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi nalo vilevile. Kwetu vyombo vilikuwa vya shirika, gari la shirika, hata nguo za jukwaani za shirika. Ulichokuja nacho mwenyewe ni koo tu. Lakini mwisho wa mwezi mshahara ulikuwepo, na babu yako alipokubali niimbe ni kwa sababu hiyo. Alisikia neno ajira, akanyamaza. Wanawake jukwaani tulikuwa wachache. Kida Waziri akiimba na Vijana Jazz, wasichana tuliokuwa ukumbini tulikuwa tunasogea mbele tumwone vizuri.

Kwa hiyo siwezi kukwambia maisha yale yalikuwa mabaya. Ada yako ya shule ilitoka humo.

Ila kuna ule wimbo. Unaujua, ndio niliokuwa nakubembelezea. Niliutunga jikoni kwa bibi yako. Sehemu ya kwanza inakwenda taratibu, watu wanasikiliza maneno, kisha magitaa yanaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, na ukumbi mzima unasimama. Nilipohama bendi, wimbo ukabaki. Jumamosi moja usiku nasubiri basi nje ya ukumbi uleule, nikausikia. Msichana mgeni anauimba. Kwenye ubeti wa pili akavuta pumzi katikati ya neno, pale ambapo mimi nilikuwa nabana hadi mstari uishe. Hakuna aliyejali. Nikachungulia dirishani, nikamwona mzee mmoja anapanda jukwaani kumtunza, anambandika noti kwenye paji la uso, watu wanashangilia. Basi likaja, likaondoka, nimesimama palepale. Mpaka leo nikisikia lile solo, kifua kinanibana.

Hapo ndipo ninapojibishana na nafsi yangu. Yule binti hakuiba. Alipewa wimbo aimbe, akauimba. Na bendi je? Walinilipa mshahara wakati ninautunga. Mazoezi tulifanyia kwenye ukumbi wao. Mpiga solo ndiye aliyetafuta ule mlango wa kuingilia kwenye chemko, mimi nisingeupata. Je, ulikuwa wangu peke yangu? Baba yako alikuwa anasema wimbo ni wa waliocheza. Alisema kunituliza, na alinituliza kweli. Lakini waliocheza walilipa kiingilio mlangoni, na kiingilio kile kilikwenda kwa mwenye bendi. Maneno yalikuwa yangu. Nikizunguka vyovyote narudi hapo.

Wakubwa kuliko mimi walihama vilevile. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alitoka Juwata, akawa bendi ya Mlimani Park kuanzia 1978, mwaka 1985 akaenda bendi ya Safari Sound na mtindo wa Ndekule, baadaye akarudi Msondo. Kila alikokwenda wapenzi walimfuata. Alipostaafu mwaka 2013 ikajulikana hajawahi kumiliki gari, ndipo Diamond Platnumz, yule mwimbaji wa Bongo Flava ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akampa moja kwa zawadi. Aprili 2014 mzee akafariki. Siku ile ya gari nilifurahi hadi machozi, na jioni nikakasirika. Kijana alifanya jambo la heshima kubwa. Lakini mtu aliyeimba nusu karne na nchi nzima ikacheza, gari lake lilipaswa kutoka kwenye nyimbo zake.

Hoteli si ukumbi wa dansi. Utaimba watu wanakula, wanaongea, sauti yako ipite juu ya sahani bila kuwaudhi, na nyingi zitakuwa nyimbo za wengine. Hilo utaliweza, kwani linataka adabu ya sauti, nawe unayo. Za kwako ndizo zinazonipa wasiwasi. Tangu ile Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kila utakachotunga kakisajili kabla hujakipandisha jukwaani. Sisi hatukujua hata pa kuuliza.

Sasa hilo la benki. Jibu ninalo, na unanijua, linaniwasha mdomoni. Nikilitoa utalitii, kisha siku mambo yakiharibika litakuwa langu, na yakinyooka pia litakuwa langu, nami sitaki kukuchukulia lolote kati ya hayo mawili. Basi silisemi. Ukiniuliza tena, sitajizuia.

Ila usitie saini kabla hatujausoma mkataba pamoja, mimi na wewe, neno kwa neno. Angalia wamesema nini juu ya kurekodi: wakirekodi onyesho lako, rekodi ni ya nani, na ukiondoka nani anaruhusiwa kuimba ulichotunga. Kama hawakuandika chochote, waambie waandike. Wakikwambia hayo tutayazungumza baadaye, nipigie siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mama yako