Mama kuweweseka baada ya kubadilishiwa nyonga
Pole kwa kuuguza, dada. Mama wa miaka 78 kumwita marehemu mumewe usiku na kutaka kuchomoa dripu, siku ya pili tu baada ya operesheni, si wazimu wala si kurogwa. Wazee wengi huchanganyikiwa hivyo siku za mwanzo, kisha hurudi sawa baada ya siku au wiki chache. Usiilaumu nusukaputi peke yake, hata waliochomwa sindano ya ganzi ya mgongoni hali hii huwapata. Mwambie daktari leo hii aangalie mkojo, upungufu wa maji na zile dawa kali za maumivu. Mrudishieni miwani, na alale na mtu anayemjua. Baba yangu alitulia tulipomrudishia meno yake ya bandia, amini usiamini! Akiwa bado anasahausahau baada ya miezi 3, apimwe kumbukumbu.