Amiga 500 haitoi rangi kwenye televisheni mpya

Swali: Nimeunganisha Amiga 500 (kompyuta ya nyumbani ya zamani) na televisheni kwa waya wa RCA, picha inakuja bila rangi. Imeharibika?

Jibu: Haijaharibika. Tundu hilo la video hutoa nyeusi na nyeupe tu. Rangi zipo kwenye soketi ya RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa njia yake) yenye pini 23. Waya wa VGA (wa vioo vya kompyuta) pekee hausaidii: Amiga hutuma mistari ya picha kwa kilohezi 15.6, wakati VGA huanzia takriban 31. Tumia waya wa SCART (plagi pana ya televisheni za zamani) wenye RGB hadi kwenye OSSC, kifaa kinachobadili video ya zamani kwa ajili ya vioo vipya; humo chagua ingizo la AV1 RGBS, zidisha mistari mara 2, ndipo HDMI. Zima kompyuta kabla ya kuchomeka. Na vile visanduku vya bei rahisi vya kubadili SCART kuwa HDMI? Vingi hupuuza RGB na kusoma kompositi tu (picha yote katika ishara moja), hivyo kioo hubaki cheusi.