Maswali ya Wasomaji: "Nina PDF 14 za nadharia ya namba na sijamaliza hata moja"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mtu mzima tu, hesabu niliziacha nilipomaliza sekondari, sasa hivi nafanya kazi ya uhasibu. Mwaka jana nikaona vidio moja ya namba tasa nikanogewa kabisa, nikasema hii nadharia ya namba lazima nijifunze mwenyewe. Nikauliza watu kitabu gani kizuri, kila mtu Hardy na Wright, Hardy na Wright, nikakinunua. Nimekianza mara mbili na mara zote mbili nimekwama sura ya tatu, pale kwenye Farey, ile mifuatano ya sehemu. Tangu hapo kila kitabu nikisikia nakidaunlodi, nina PDF 14 kwenye simu na kila kimoja nimeishia sura ya kwanza. Sasa hivi hata usiku wa manane ukiniamsha nakuthibitishia kwamba namba tasa hazina mwisho, ila zaidi ya hapo sijui kitu. Shida ni mimi au vitabu? Na nishike kipi?

JIBU: Marahaba, na pole na hizo PDF. Shida sio wewe, na kitabu nacho hakina kosa, ila waliokushauri wamekutajia kitabu wanachokipenda leo, hawajakutajia walichoanzia. Mtu akishaijua nadharia ya namba, Hardy na Wright ni raha tupu, unafungua popote unakutana na kitu kizuri, mimi mwenyewe changu kimechakaa. Lakini ebu angalia kilivyopangwa. Sura mbili za kwanza ni namba tasa, ya tatu ndo hiyo Farey iliyokuangusha, ya nne ni namba zisizoandikika kama sehemu, na hesabu za mabaki, yaani kongruensi, ambazo ndo uti wa mgongo wa somo lote, zinakuja sura ya tano! Tena sura ya kwanza kabisa wanakutajia teoremu ya namba tasa, ile inayosema zinapungua kwa kasi gani kadiri unavyopanda juu, afu uthibitisho wake unausubiri hadi sura ya 22. Mazoezi ya kufanya hamna. Na wenyewe walishasema kwenye utangulizi wa 1938 kwamba hawakuandika kitabu cha kulifundisha somo kwa mpangilio, ila watu utangulizi huwa hatuusomi.

Sasa wewe unakosa nini? Mhasibu haogopi namba, na kukaa na jedwali refu bila kuchoka umeshazoea, hiyo ni mali kubwa kuliko unavyodhani. Unachokosa ni mazoea ya kusoma uthibitisho, yaani kuona kwa nini mstari huu unafuata ule. Kwa mtu kama wewe ningesema shika kile cha Silverman, kile anachokiita utangulizi wa kirafiki. Kinaanzia kwenye pembetatu mraba, zile 3, 4, 5 na 5, 12, 13, kinakwambia andika nyingi uwezavyo kwenye jedwali, tazama, otea kanuni, ndo baadaye muithibitishe pamoja. Aljebra ya shule inatosha. Kasoro yake anaongea sana, kuna mahali unatamani kumwambia mzee sogea mbele, lakini kwa aliyekwama mara mbili kuongea sana sio kosa. Asiyependa maneno mengi achukue cha Burton, kimenyooka, kila sura ina kahistoria kidogo mwanzoni na mazoezi ya kutosha mwishoni.

Pembeni yake weka kitabu kimoja chembamba, cha Davenport, cha 1952, kile cha hesabu za juu. Hicho unasoma umejilaza, karibu chote ni maneno, alama chache, na yule bwana alikuwa anajua kueleza. Basi. Viwili. Zile PDF nyingine usizifute ila usizifungue pia.

Nikupe na njia ninayotumia kupima kitabu chochote cha somo hili, maana majina ya vitabu utaambiwa na kila mtu lakini shingo inayobeba mzigo ni yako. Sura ya kwanza usiitumie kupima, zinafanana zote, ndo maana una PDF 14 zinazosema kitu kimoja. Nenda moja kwa moja kwenye teoremu ndogo ya Fermat, ile ya 1640, inayosema ukichukua namba tasa p na namba a ambayo haigawanyiki kwa p, basi a ukiipandisha kipeo p−1 afu ukagawanya kwa p unabaki na 1. Kila kitabu kinayo. Angalia tu kinaithibitishaje.

Kuna kitabu kitakachokuonyesha kwa namba kwanza. Chukua p = 7, a = 3. Zidisha 3 kwa 1, 2, 3, 4, 5, 6 unapata 3, 6, 9, 12, 15, 18, gawanya kila moja kwa 7 uone mabaki: 3, 6, 2, 5, 1, 4. Ona, ni zilezile 1 hadi 6 zimechanganywa tu! Kwa hiyo ukizidisha orodha ya kwanza yote na orodha ya pili yote mabaki lazima yalingane, unafuta kinachofanana pande zote mbili, na kinachobaki ni kwamba 3 kipeo cha 6 inaacha baki 1. Na kweli, 729 ni 7 mara 104 kujumlisha 1. Kitabu kikianza hivyo afu kikaja na herufi, hicho kinakuheshimu.

Kingine kitakwambia chukua shanga 5, rangi mbili, zitunge kwenye uzi, kuna njia 32, toa mbili za rangi moja tupu unabaki na 30, sasa funga nyuzi ziwe duara na zile 30 zinajikusanya tano tano kwa kuzungusha, makundi 6, kwa hiyo 5 lazima igawanye 30, ambayo ni 2 mara (2 kipeo cha 4 kutoa 1). Huo ni uthibitisho kamili ujue, badala ya 5 na 2 weka p na a. Kitabu chenye huo kina mwandishi anayependa kucheza.

Na kingine kitakuandikia mstari mmoja tu: mabaki yasiyo sifuri yanaunda kundi lenye memba p−1, imekwisha. Kama neno "kundi" hapo halikwambii kitu funga hicho kitabu taratibu ukirudishe kwenye rafu, sio kwamba ni kibaya, ni cha miaka miwili ijayo. Cha Ireland na Rosen kiko upande huo. Ukikifungua tu, sura ya kwanza inakuthibitishia kwamba kila namba inavunjika kwa njia moja kuwa namba tasa, na kabla hujapumua inafanya hivyohivyo kwa polinomia na kwa namba za Gauss. Kwa aliyesoma aljebra ya chuo ni kitabu kitamu sana, kwangu ni bora kuliko vyote nilivyotaja. Kwako sasa hivi ni Farey nyingine.

Ukimaliza Silverman ndo utajua mwenyewe pa kwenda. Kama ulinogewa na namba tasa zinavyosambaa kuna kitabu cha Apostol cha 1976, ila kwanza urudie kalkulasi na ujue kidogo namba changamano. Huo ndo mlango wa kuja kuelewa walichofanya Hadamard na de la Vallée Poussin mwaka 1896, walipoithibitisha ile teoremu ya namba tasa. Usiruke lakini, nakujua, utataka kuruka.

SWALI: Mwalimu habari. Mimi najisomea peke yangu na vitabu vingi vya nadharia ya namba vina maswali ila majibu hamna au yapo ya maswali machache tu. Nitajuaje nimepata? Kuna kitabu chenye majibu yote?

JIBU: Salama kabisa. Vipo vyenye majibu mengi, cha Vinogradov kwa mfano kina maswali magumu na nyuma kuna masuluhisho, kadogo tu lakini kanauma. Ila kwa somo hili hasa nisingechagua kitabu kwa kuangalia majibu, maana una kitu ambacho wa jiometri au kalkulasi hana: unaweza kuweka namba ukajionea. Swali likisema thibitisha kwamba n kipeo cha tatu kutoa n inagawanyika kwa 6, weka 2 upate 6, weka 3 upate 24, weka 4 upate 60, tayari unajua swali lina ukweli, na mara nyingi ukizitazama hizo namba unaona na sababu yenyewe (hapa ni namba tatu zinazofuatana zimezidishwa, lazima iwepo shufwa na lazima iwepo inayogawanyika kwa 3).

Tahadhari tu, kujionea sio kuthibitisha. Ile mashuhuri ya Euler: chukua n, ipandishe kipeo cha pili, jumlisha n, jumlisha 41. Ukiweka 0 unapata 41, namba tasa. Ukiweka 1 unapata 43, tasa. Endelea hadi 39, zote tasa, mara 40 mfululizo, mtu yeyote angeapa. Weka 40 sasa. Unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41.

Kwa hiyo ukishaandika uthibitisho wako ufiche siku tatu afu uusome kama wa adui yako. Pale utakapokuta umeandika "ni wazi kwamba", hapohapo ndo simama, asilimia kubwa ya makosa yangu mimi yalikuwa yamejificha chini ya hayo maneno.

SWALI: Mambo mwalimu, mi ni mwanafunzi wa kompyuta, nataka nadharia ya namba kwa ajili ya usimbaji tu, yaani kuficha ujumbe, mambo ya ile mbinu ya RSA. Sitaki historia wala mapambo. Kitabu gani?

JIBU: Poa. Chukua cha Victor Shoup, kinaunganisha nadharia ya namba na aljebra kwa jicho la mtu wa kompyuta, kila mara kinakuuliza hii hesabu itachukua hatua ngapi, na mwenyewe amekiweka bure kwenye tovuti yake kwa hiyo huibi. Kikikuelemea anza na cha William Stein, nacho cha bure, kifupi, kina mifano ya kuchapa kwenye programu ya Sage.

Ila hiyo ya kusema "tu", taratibu. RSA yenyewe ya 1977 sio kubwa kihivyo, naweza kukupa hapahapa kwa namba za kitoto. Zidisha 3 na 11 upate 33, afu punguza 1 kwa kila moja, 2 mara 10 upate 20, tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinaacha baki 1 kwa 20, mfano 3 na 7. Dunia nzima unaipa 33 na 3, ya 7 unaificha. Rafiki anataka kukutumia 4, anaipandisha kipeo cha 3 anapata 64, anagawanya kwa 33, anatuma baki 31. Wewe unaipandisha 31 kipeo cha 7 na kugawanya kwa 33, na usihangaike na namba kubwa, 31 ni sawa na hasi 2 huku, hasi 2 kipeo cha 7 ni hasi 128, jumlisha 132, yaani 33 mara 4, unapata 4. Imerudi! Kwa nini imerudi ni Fermat yuleyule wa swali la kwanza, ambaye alikuwa mwanasheria na hata simu hakuijua. Hardy naye, yule wa Hardy na Wright, 1940 aliandika kwamba hakuna aliyegundua matumizi ya kivita ya nadharia ya namba, na alikuwa anajivunia hilo. Kwa hiyo hayo "mapambo" unayoyakataa usiyatupe yote, huwezi jua lipi kesho litakuwa mshahara wako.

SWALI: Mwalimu, nimepata kile kitabu cha nadharia ya namba, Niven na Zuckerman, ya zamani sana kwa bei ya kutupa, kuna toleo la karibuni lenye waandishi watatu. Ninunue ya zamani au nisubiri?

JIBU: Nunua leo. Ya kwanza ilitoka 1960, ya tano ya 1991 ndo iliyoongezewa Montgomery, na ni nene zaidi, maswali mengi zaidi, mengine ya kulia machozi. Lakini kongruensi hazijabadilika, na uthibitisho wa Euclid kwamba namba tasa hazina mwisho, ulioko kitabu chake cha tisa, bado hakuna aliyeurekebisha. Angalia tu kurasa zote zipo, na kama mwenye nacho wa mwanzo aliandika majibu pembeni kwa penseli, chukua raba.