Aliyepimwa ni mwanangu, aliyeulizwa ni mimi

Mmeuliza juma hili kama uzito na elimu ya wazazi huchangia mtoto kunenepa kupita kiasi. Nililisoma swali ndani ya feri ya Likoni, nikahisi nimetajwa jina.

Mimi ni mnene. Nina diploma ya uhasibu. Mwanangu ana miaka 8 na mtaani wanamwita Kibonge.

Mwaka jana nilimpeleka zahanati moja, kisa kikohozi tu. Nesi akampima urefu, akampandisha mizani, akatazama chati, kisha akanitazama mimi kutoka viatu hadi mtandio. "Na wewe mama, panda." Nikapanda na buibui langu, mkoba begani, sikuutua. Mshale ukapita 100, ukatikisika. Mwanangu akausoma kwa sauti, "Mia na nne, mama!" Nesi akaandika, halafu akauliza nimesoma hadi wapi. Benchi zima likanyamaza. Hata aliyekuwa akinyonyesha aligeuka. Kikohozi hakuna aliyekitaja tena.

Nilirudi nimefura. Wifi yangu wa Mtongwe ni mnene kunishinda na aliishia darasa la 6, wanawe wembamba kama njiti. Sasa hapo mwili umefanya nini, na elimu imefanya nini?

Lakini nikiandika hivi naona jambo. Watoto wa wifi huenda shule kwa miguu, wakirudi ni ugali na mchicha. Wangu basi humchukua mlangoni, na mshahara wa hiyo diploma ndio unaonunua chipsi, soda na simu ya kumtuliza. Watafiti husema nchi tajiri watoto wa wasiosoma ndio hunenepa zaidi, na nchi kama zetu mara nyingi huwa kinyume. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1997 ulionyesha kuwa mtoto wa chini ya miaka 10 akiwa na mzazi mnene kupita kiasi, hatari ya yeye kuwa hivyo ukubwani huzidi maradufu. Si damu peke yake, sufuria pia ni moja.

Ila nyanyake naye aulizwe. Kwake mtoto hajala mpaka arudie mahamri na mbaazi, "asije akasemwa amekonda mkononi mwangu."

Kwa hivyo nesi alikuwa na haki, nafikiri. Lakini angeniita pembeni. Na badala ya shule niliyosoma, angeuliza nani humpa mtoto chakula saa kumi, mimi nikiwa kazini.

Kikohozi kilipona chenyewe.