Pete ya tanzanaiti: usitoe hela kabla hujasoma hapa

Mkuu nimekuelewa, umeonyeshwa pete ya tanzanaiti hapo Arusha, muuzaji anakuapia jiwe halijawahi kupita motoni ndo maana bei iko juu, na we unataka kumvisha mchumba. Tulia kwanza. Karibu tanzanaiti zote za bluu madukani zimechomwa, zikitoka chini kule machimboni Mirerani nyingi ni za kahawia, zinapigwa joto la nyuzi 500 na kitu ndo zinageuka, na hiyo sio uchakachuaji, ni biashara ya kila siku. Hata ile stori ya Wamasai kwamba radi iliwasha nyika mawe yakawa bluu imesimama kwenye moto (hadithi tu, ila naipenda).

Ukilishika ligeuzegeuze juani, lionyeshe bluu upande huu na zambarau ule, kioo cha kawaida hakifanyi hivyo. Ila feki kali zipo, so lipeleke kwa mpimaji wa vito asiyejuana na muuzaji, na risiti udai.

Kingine, kwa kipimo cha ugumu wa mawe lenyewe ni 6 mpaka 7 tu, almasi ni 10. La kwangu lilipata ufa kwa kugonga sinki. Kama bibie anafua kwa mikono, bora hereni.