Usiilaumu gasketi, angalia kinachoibana

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nina gari la dizeli, 1.9 TDI, nimeiongeza nguvu kwenye kompyuta. Sasa hata asubuhi, injini ikiwa ya baridi, mpira wa rejeta uko mgumu kama jiwe. Fundi anasema nibadilishe gasketi ya hedi. Wewe ulifunga stadi, unanishaurije?" Kwa mgeni: gasketi ya hedi ni bamba jembamba linaloziba kati ya bloku na hedi, yaani kichwa cha injini, na stadi ni vyuma vyenye nyuzi na nati vinavyoibana hedi badala ya boliti.

Jibu la "badilisha gasketi" ninalifahamu vizuri, maana liliwahi kunitafunia pesa. Gari langu lilianza kurusha maji baada ya kupandisha presha ya turbo. Ukiliendesha kistaarabu, kimya. Ukikanyaga mlimani, maji yanapanda kwenye chupa ya maji ya rejeta na mapovu juu. Sindano ya joto haijasogea. Hapo injini haijachemsha. Hedi inanyanyuka kidogo sana, gesi ya mlipuko inapenya kwenye gasketi na kuingia njia za maji.

Fundi niliyemwendea alifunga gasketi mpya, akarudishia boliti zilezile. Nikamwambia boliti hizo ni za kutumika mara moja: kiwanda kinaagiza Nm 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha 60, kisha digrii 90, kisha 90 nyingine, na mizunguko hiyo miwili ya mwisho huzivuta mpaka zinarefuka moja kwa moja. Akanijibu mbele ya vijana wake kwamba yeye anafungua injini tangu mimi sijazaliwa, mimi nimesoma intaneti tu. Walicheka wote. Gari likarudia ugonjwa wake, na mimi sikurudi kwake.

Nikapiga hesabu mwenyewe. Silinda ya 1.9 TDI ina kipenyo cha milimita 79.5. Kwenye dizeli ya turbo, presha ya mlipuko ya bar 150 si jambo la ajabu. Zidisha: ni zaidi ya tani 7 zinazoisukuma hedi juu, kila silinda ikiwaka. Ukiongeza turbo na mafuta, umeongeza tani hizo, lakini boliti zinazobana ni zilezile. Gasketi ina kosa gani hapo?

Stadi zinashinda kwa sababu moja kubwa. Boliti unaivuta huku unaisokota. Stadi inakaa ndani ya bloku kwa kukazwa na mkono tu, kinachozunguka ni nati juu yake, kwa hiyo inavutwa wima. Zile nzuri, kama za kampuni ya ARP, ni za chuma kigumu zaidi na hazivutwi mpaka kulegea, hivyo zinabaki na uspringi wake na unaweza kuzitumia tena.

Kuzifunga kunataka usafi kuliko nguvu. Matundu ya bloku yasafishwe nyuzi zake na yakaushwe kabisa. Mafuta au maji yakibaki chini, bloku linaweza kupasuka. Nati na washa zipakwe grisi iliyokuja na stadi, usiweke oili ya injini ukadhani ni mamoja. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayotia kwenye spana inaliwa na msuguano, kwa hiyo ukibadilisha kilainishi, namba ya kwenye karatasi haina maana tena. Kaza kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, inayoaminika. Za kuazima ambazo zimeangushwa kila wiki, achana nazo.

Langu sasa linapanda milima na turbo imejaa, na chupa ya maji imetulia. Yule fundi akilisoma hili, sawa tu.

Jamani, tunapenda nguvu lakini hatupendi kulipia kinachoizuia isiibomoe injini. Mtu ananunua turbo kubwa, ekzosi ya kelele, rimu mpya, halafu hedi anaiachia boliti za kiwandani. Anza na kubana, nguvu zifuate.

Sasa wewe msomaji wangu. Utasikia watu wanabadilisha boliti kwa stadi moja moja bila kushusha hedi. Wanafanya, na inakubali kwa hedi ambayo haijawahi kuvuja. Yako imeshavuja. Ishushe, ipimwe unyoofu wake kwa rula ya chuma, gasketi mpya iwe na idadi ya matundu ya alama sawa na ile ya zamani, maana ndiyo inayoonyesha unene wake. Kisha funga stadi.