Gundi ya waya za meno na hofu ya bisfenoli A

Dada wa Moshi, umeuliza kama gundi inayoshika waya za meno za binti yako ina sumu ya plastiki, na kama uzitoe kabla ya wakati. Usizitoe kwa sababu hiyo.

Gundi nyingi za aina hii ni rezini (utomvu wa plastiki unaoganda) iitwayo Bis-GMA, ambayo hutengenezwa kutokana na bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki, hivyo mabaki machache ya kemikali hiyo huweza kuwemo ingawa haiongezwi kama kiungo. Kinachovuja zaidi ni monoma, yaani molekuli ndogo za gundi, ambazo hazikugandishwa na taa ya buluu, hasa kwenye tabaka jembamba la juu, kwa kuwa oksijeni ya hewani huzuia ugandaji, na sehemu kubwa hutoka siku za mwanzo. Ndiyo maana daktari makini huangaza kila kibandiko (kipande kinachoshika waya kwenye jino) kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji, hufuta gundi iliyozidi, kisha humtaka mgonjwa asukutue na kutema. Muulize kama alifanya hivyo. Si utovu wa adabu.

Wasiwasi wako una msingi: mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha bisfenoli A kinachovumilika kwa siku hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya uzito wa mwili. Hata hivyo, chanzo kikuu cha kemikali hiyo ni chakula.

Mimi ningechunga zaidi mzio: midomo ikivimba au fizi zikiwasha, mrudishe kliniki mapema. Siku ya kutoa waya, gundi inaposagwa, maji na kifyonzi vitumike ili asivute vumbi lake.